Kununua koili za plagi za Mark X, Crown na Forester turbo ukiwa Kigoma

Kigoma ni mwisho wa reli. Spea ikija siyo, kuirudisha Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na muuzaji ambaye pesa imeshaingia kwenye simu yake hana haraka na mtu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kununua koili huku hufanyika kabla hujatuma hata shilingi: unathibitisha kwamba koili ndiyo mgonjwa, unaitoa, unasoma namba yake, unaipiga picha, halafu ndipo unapiga simu dukani. Anayeanza na simu hununua mara mbili.

Tunazungumzia magari yenye koili juu ya kila plagi na injini zinazodai cheche kali. Mark X GRX120 ina injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5, na GRX121 ina 3GR-FSE ya lita 3.0. Crown GRS180 na GRS182 zina injini hizohizo. Wamo pia wenye Forester na Impreza za turbo, na Altezza RS200 yenye 3S-GE. Mwenye IST au Vitz atanufaika na mengi ya hapa, ila gari lake linavumilia makosa ambayo haya mengine hayavumilii.

Koili huchukua volti 12 za betri na kuzikuza hadi makumi ya maelfu ya volti ili cheche iruke kwenye mwanya wa plagi. Hewa ikibanwa zaidi ndani ya silinda, cheche hupata shida zaidi kuruka, kwa hiyo hudai volti nyingi zaidi. Turbo inaposukuma hewa, au unapokanyaga mafuta gari likiwa limebeba watu, ndipo koili inapodaiwa kila ilichonacho. Hii inaeleza jambo linalowachanganya wengi: gari linatulia kabisa likiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) pale Mwanga mjini Kigoma, lakini likianza kupanda kuelekea Kidahwe na Kasulu linakosa kuwaka sawasawa, linasita kama limefungwa kamba nyuma. Koili iliyochoka hujificha kwenye sailensa. Usikubali jibu la fundi aliyelisikiliza gari limesimama tu.

Taa ya injini ikiwaka na kubaki imewaka, una muda wa kufika nyumbani taratibu. Ikiwa inapepesa, inawaka na kuzima mfululizo, maana yake petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi, yaani kile kichujio kinachosafisha moshi. Masega yakiyeyuka yanaziba, na hapo koili moja imekuzalishia ubovu wa bei kubwa zaidi. Punguza mwendo, acha kukanyaga, na kama unaweza paki gari hadi upate spea.

Kuthibitisha kwamba ni koili

Anza na mashine ya kupima. Kifaa kidogo cha OBD2 kinachoungana na simu kwa bluetooth kinatosha kwa Mark X na Crown. Kwa Altezza na Forester za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani, vifaa vya bei rahisi mara nyingine havisomi, na itabidi utafute fundi mwenye mashine kubwa. Namba za hitilafu unazozitafuta ni za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu. P0301 hadi P0306 zinasema silinda fulani inakosa kuwaka. Tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Hazisemi kwa nini. Inaweza kuwa koili, plagi, injekta (kipuliza petroli), au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). P0351 hadi P0356 zinasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeona tatizo kwenye saketi ya koili yenyewe. P0300 peke yake inasema inakosa bila mpangilio, na hapo usikimbilie koili: angalia kwanza presha ya petroli, hewa inayovuja kwenye manifodi, na waya wa ardhi wa injini.

Kwenye Toyota nyingi koili ina waya nne: moto, ardhi, waya wa amri kutoka kontroli boksi, na waya wa jibu ambao koili inautumia kusema "nimewasha". Jibu hilo likikosekana, kontroli boksi hutoa namba ya P0351 na kuendelea, na inaweza kuikatia petroli silinda husika ili kuokoa masega. Kwa hiyo silinda inaweza kuwa imekufa kabisa ilhali koili bado inatoa cheche, kwa sababu tu waya wa jibu umekatika au pini yake imepata kutu. Koili mpya haitaponya waya.

Sasa fanya jaribio la kubadilishana, ambalo halihitaji pesa. Tuseme umesoma P0303. Injini ikiwa imepoa, toa koili ya silinda ya 3 na ya silinda ya 1, zibadilishane mahali, rudisha bolti na konekta. Futa namba za hitilafu kwenye mashine. Endesha gari dakika 20 hivi, na lazima upande mlima kwa gia kubwa huku umekanyaga, kwa sababu bila mzigo hutaona kitu. Soma tena. P0301 ikitokea, ugonjwa umehama pamoja na koili, na koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Ugonjwa ukiendelea kubaki silinda ya 3 hata baada ya plagi kuhama, acha kabisa habari ya koili; fuata waya, injekta na kompresheni.

Kwenye 4GR-FSE kuna jambo la ziada. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha valvu hizo na masizi hujijenga juu yake. Injini hii inajulikana kwa hilo. Dalili ni kutetemeka na kukosa asubuhi injini ikiwa baridi, kisha inatulia ikipata joto, na namba ya silinda haihami ukibadilisha koili. Watu wamenunua koili zote 6 kwa ajili ya masizi. Kinachotakiwa pale ni kusafisha valvu.

Kama huna mashine yoyote, injini ikiwa sailensa chomoa konekta ya koili moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Silinda yenye afya ikikatwa, injini inashuka na kutetemeka. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo silinda ambayo haikuwa inafanya kazi. Chomoa konekta tu. Usichomoe koili kutoka kwenye plagi injini ikiwaka, wala kuiacha inaruka cheche hewani: volti zinazokosa njia ya kwenda ardhini hutoboa kihami cha ndani ya koili, na unaua koili nzima iliyokuja kupimwa tu. Mkono wako nao haustahili hizo volti.

Pima pia moto unaofika. Washa swichi bila kuwasha injini, weka mita ya volti kati ya waya wa moto na wa ardhi kwenye konekta. Unapaswa kuona volti za betri. Ukikosa moto kwenye koili zote, tafuta fyuzi au rilei. Halafu washa injini na upime betri: kati ya volti 13.5 na 14.5 ni sawa. Ikivuka 15, altaneta inachaji kupita kiasi na itachoma koili mpya kama ilivyochoma ya zamani. Wapo waliobadilisha koili tatu ndani ya miezi michache bila mtu hata mmoja kupima altaneta.

Jambo la kukataa kwa heshima ni fundi anayepima koili ya pini 3 au 4 kwa omu na kusema "inasoma, ni nzima". Ndani ya koili hizo kuna ignita, kifaa cha kielektroniki, na mita ya omu haiwezi kuona kupitia kwake. Kipimo cha omu kina maana kwenye koili za zamani za pini 2.

Kilichoiua koili ya kwanza

Koili nyingi huuawa na majirani zake. Ukitoa koili, chungulia kisima cha plagi kwa tochi. Ukikuta oili, raba za kisima au gasketi ya tapeti kava zimekwisha. Oili inalainisha na kuvimbisha mpira wa koili, cheche inapata njia ya pembeni na kukimbilia kwenye ukuta wa kisima. Kwenye Subaru injini imelala, plagi zimelala pia, na oili ikivuja inakaa palepale. Weka gasketi kwanza, kausha kisima, halafu koili. Ukifanya kinyume, utanunua tena.

Maji ni muuaji wa pili, hasa masika na pale gari linapooshwa injini kwa pampu ya presha. Maji yakiingia kisimani hayatoki yenyewe. Yapulize kwa kompresa kabla ya kuhukumu koili. Mara kadhaa ugonjwa wote ulikuwa kikombe cha maji.

Wa tatu ni plagi iliyoliwa. Mwanya ukipanuka, koili inalazimika kupanda volti zaidi kila mara, na siku moja inapasuka ndani. Utaona mstari mweupe au mweusi kwenye kauri ya plagi au ndani ya mpira wa koili, kama njia ya sisimizi. Ukiuona, plagi hiyo na mpira huo vimekwisha vyote viwili, kwa sababu cheche ikishapata njia haiisahau. Koili mpya juu ya plagi yenye mstari huo haitamaliza muda mrefu. Ndiyo sababu tunasisitiza plagi zinunuliwe pamoja na koili, kwenye mzigo uleule. Mark X ya 4GR hutumia Denso FK20HR11, ambapo 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1. Kwa Subaru ya turbo mwanya ni mdogo zaidi, kwa kawaida milimita 0.7 hadi 0.8, kwa sababu ya ule msukumo wa hewa. Usikubali kupewa plagi ya gari lisilo na turbo "kwa kuwa inaingia".

Nunua kwa namba

Jina la gari halitoshi. "Koili ya Mark X" dukani inaweza kuwa koili ya GRX120, au ya Mark II, au kitu kilichokuwa karibu na mkono wa muuzaji. Koili za Toyota zinafanana kwa sura kama mapacha. 90919-02239 ya 1ZZ-FE na 90919-02240 ya 1NZ-FE zote zina pini 4, zote nyeusi, lakini shina halilingani. Shina fupi haligusi plagi vizuri. Cheche inaruka mwanya wa pili ndani ya mpira na kuuchoma. Gari linawaka, linaondoka, na baada ya wiki chache linaanza kukosa. Koili ya aina hiyo ndiyo hasara kubwa, kwa sababu muda wa kurudisha umeshapita.

Toa koili yako, ifute, soma kila kilichoandikwa. Kwenye Toyota tafuta namba inayoanza na 90919. Kwa 4GR na 3GR utakutana na 90919-02250. Namba za Nissan zinaanza na 22448. Namba za Subaru zinaanza na 22433. Namba iliyo kwenye koili yako ndiyo inayoongoza, ila kuwa na shaka kama gari ni la mtumba na huenda kuna mtu alishaweka koili siyo. Ili kuhakikisha, chukua namba ya chesisi kwenye kibao na uitafute kwenye katalogi za spea za Toyota au Subaru mtandaoni. Katalogi pia itakuonyesha kama kiwanda kimebadilisha namba ya zamani kwa mpya, na hapo namba mbili tofauti zinaweza kuwa koili ileile.

Hesabu koili, usihesabu silinda. 2JZ-GE ya VVT-i ina silinda 6 na koili 3, kila koili ina waya unaokwenda silinda ya pili. Forester na Impreza nyingi zisizo na turbo zina boksi moja la koili na waya 4 za plagi. Kwa Subaru za turbo, hesabu pini: za zamani zina pini 2 na ignita iko pembeni, za baadaye zina pini 3 na ignita iko ndani. Haziingiliani, hata kama mwonekano unakushawishi.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji wa Kariakoo au Mwanza uwe mfupi na usio na mwanya wa kubahatisha. Kwa mfano:

"Habari za kazi, mkuu. Nipo Kigoma. Natafuta koili 90919-02250, pini 4, gari ni GRX120, injini 4GR-FSE. Nataka 2, Denso orijino. Naomba picha ya koili yenyewe, siyo ya mtandaoni: upande wenye maandishi, pini kwa mbele, na shina likiwa limewekwa pembeni ya rula. Pia picha ya boksi. Nikiridhika natuma leo, na nitahitaji risiti ya EFD yenye namba ya spea."

Rula ni muhimu. Pima koili yako kutoka chini ya mdomo wa bolti hadi ncha ya mpira, na ulinganishe. Muuzaji anayekataa kupiga picha mbili amekwisha kukujibu.

Orijino, mtumba na feki

Madukani utapewa ngazi nne: ya boksi la Toyota au Subaru, ya boksi la mtengenezaji mwenyewe kama Denso au Hitachi, ya mtumba iliyotoka kwenye injini ya Japani, na mpya ya bei ndogo yenye jina usilolijua au jina unalolijua lililoibiwa. Kwa gari la mwendo, chaguo letu la kwanza ni hiyo ngazi ya pili: kitu kilekile cha kiwandani bila kulipia boksi la Toyota. Mtumba orijino uliopimwa kwenye gari lako ni bora kuliko feki mpya, na tunasema hivyo bila kusita. Mpya za bei ya kutupa zinaweza kuvumilia IST ya kwenda sokoni. Kwenye turbo hufa haraka, na ignita yake ikiungua kwa kushikana inaweza kuondoka na fyuzi au kuisumbua kontroli boksi.

Feki hujulikana kwa vitu vidogo. Maandishi yanayofutika ukiyasugua kwa kidole chenye petroli kidogo. Gundi ya juu ya koili yenye mapovu au iliyomwagika pembeni. Pini zisizo sawasawa. Springi ya ndani nyembamba, au haipo katikati. Mshono wa plastiki wenye makali. Uzito nao: shika koili ya zamani mkono mmoja na mpya mkono wa pili, iliyo nyepesi waziwazi ina shaba na chuma kidogo ndani. Namba ya boksi na namba ya koili lazima zilingane. Boksi peke yake haithibitishi kitu, maana boksi huchapishwa pia.

Kwa mtumba angalia mpira: ukiukunja taratibu usiwe na nyufa wala ugumu wa plastiki. Klipu ya konekta iwe nzima. Kata bei kwa makubaliano kwamba isipofanya kazi ndani ya siku kadhaa inarudi, na maneno hayo yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, yasibaki ya mdomo. Ukigundua umeuziwa bandia kama orijino, boksi, risiti na ujumbe huo ndivyo utakavyovipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hushughulika na bidhaa bandia.

Ngapi? Gari likiwa limetembea wastani na mipira ya koili nyingine bado laini, nunua 2: moja ya kufunga, moja ya kukaa kwenye buti. Huku kwetu hiyo ya pili ndiyo inayokurudisha nyumbani kutoka Uvinza. Ukikuta mipira yote imekauka na kupasuka, nunua seti nzima, kwa sababu zina umri mmoja na zitafuatana. Usichanganye koili za aina tofauti kwenye injini ya turbo kama unaweza kuepuka.

Halafu kuna swali la vijana wa turbo: tufunge koili za Audi R8 au za Nissan GT-R? Zinafungwa, kwa adapta na waya za kuongeza, na kwenye injini iliyoongezwa msukumo sana zinasaidia. Lakini koili kali haiongezi nguvu kwenye injini ambayo cheche yake haikuwa inakosa. Kila koili ina muda wake wa kuchaji. Ukifunga ya aina nyingine bila kurekebisha muda huo kwenye kontroli boksi, ama inatoa cheche dhaifu ama inapata moto na kuungua. Kama hapa Kigoma hakuna wa kukurekebishia programu, baki na koili ya kiwandani yenye afya na plagi yenye mwanya sahihi.

Mzigo ukitumwa kwa basi, omba koili zifungwe kwa sponji au maboksi laini ndani ya katoni yake, zisiwekwe na vyuma wala kutupwa chini ya magunia. Shina likipinda au kupata ufa usioonekana, koili itavuja cheche. Pata jina la basi na picha ya stakabadhi ya mzigo. Ukifika kupokea, fungua palepale, linganisha namba na rula, kabla hujaondoka stendi.

Kufunga

Injini iwe baridi kabisa. Nyuzi za aluminiamu zikiwa na moto ni rahisi kuharibika. Zima swichi, ondoa kichwa hasi cha betri. Kwenye Mark X ondoa mifuniko ya plastiki na bomba la hewa. Silinda 1, 3 na 5 ziko upande mmoja, 2, 4 na 6 upande wa pili, namba 1 ikiwa mbele. Za nyuma zimejibana, tumia ekstensheni na subira. Kwenye Subaru ya turbo unatoa boksi la chujio la hewa upande mmoja na betri upande wa pili ndipo mkono upite. Namba 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto.

Puliza vumbi kabla ya kutoa chochote. Vumbi jekundu la huku likidondokea kwenye silinda ni msasa. Klipu za konekta zimeiva kwa joto la miaka mingi, kwa hiyo bonyeza sawasawa, vuta konekta yenyewe, usivute waya. Klipu ikivunjika, nunua konekta nyingine. Kuifunga kwa mpira wa baiskeli kunaleta mguso unaokatika gari likitetemeka, na dalili zake ni zilezile za koili mbovu; utamtukana muuzaji bure.

Bolti ya koili kwenye Toyota ni ya spana namba 10. Fungua, zungusha koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachie, halafu vuta wima. Mpira ukibaki kisimani, utoe kwa koleo ndefu, usiuache hata kipande.

Plagi za FK20HR11 zinatoka kwa soketi ya 16. Anza kuzifunga kwa mkono, ukitumia kipande cha mpira wa petroli kilichochomekwa kwenye kichwa cha plagi. Mpira utateleza wenyewe kama nyuzi hazijakaa, na hivyo hutaharibu kichwa cha injini. Ikifika mwisho kwa mkono, plagi mpya yenye washa kaza takriban nusu mzunguko kwa racheti. Usipake grisi kwenye nyuzi. Usigonge ncha ya iridiamu ili kubadilisha mwanya, na plagi iliyodondoka sakafuni isifungwe.

Kwenye mdomo wa ndani wa mpira wa koili paka grisi ya silikoni kidogo sana, utando tu. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mpira. Shusha koili wima hadi uhisi imekaa kwenye plagi, kaza bolti taratibu: ni bolti ndogo ndani ya aluminiamu, takriban newton mita 10, na mkono unaozoea nati za tairi utaikata. Konekta isikike "tak".

Washa, iache sailensa dakika chache, futa namba za hitilafu. Kisha rudi kwenye ule mlima. Panda kwa gia kubwa, kanyaga kuanzia mizunguko 2,000, na sikiliza. Ikitulia, soma mashine tena baada ya kilomita 50 hivi, kwa sababu namba ya hitilafu inaweza kuchelewa kurudi.

Koili iliyokufa kata pini zake kwa koleo kabla ya kuitupa, isije ikasafishwa na kuuzwa tena kama mtumba. Ile ya akiba ifunge kwenye mfuko wa plastiki, andika juu namba yake na tarehe, iweke mbali na betri na dumu la oili, pamoja na spana namba 10 na soketi ya 16.